Mpenda Picha na Orodha Yake: Kipi Kitangulie?

Wanaoniomba ushauri kuhusu vifaa vya kupigia picha huwa tayari wana orodha. Iko kwenye simu, imepangwa vizuri, na mara nyingi cha kwanza ni bodi mpya ya kamera, cha pili lenzi ndefu ya kupigia wanyama, cha tatu droni. Wengi wao hawapigi picha kwa kulipwa. Ni walimu, wauguzi, makarani na mafundi wanaopenda picha, na fedha za orodha hiyo zinatoka kwenye mshahara uleule unaolipa kodi ya nyumba na ada ya watoto. Ndiyo maana naichukulia orodha ya namna hiyo kwa uzito. Nimeona watu wakijinyima mwaka mzima, wakanunua bodi ya bei kubwa, kisha picha zikabaki vilevile na kamera ikaishia kabatini. Hilo linaniuma, kwa sababu aliyekata tamaa hakukosa jicho. Alinunua kitu ambacho tatizo lake halikukihitaji.

Ushauri wangu ni huu, na mengine yote yanatoka humo: acha picha zilizokushinda ndizo zikuandikie orodha. Matangazo yanajua yanachotaka kuuza, lakini hayajui ulikwama wapi Jumamosi iliyopita.

Fungua folda ya picha zako za miezi ya karibuni. Ruka zile nzuri, tafuta zile ulizozitaka sana na hazikutoka. Mjomba akicheka ukumbini, sura imevurugika kwa mtikisiko. Bibi harusi akikata keki, uso unang'aa kama umepakwa mafuta na nyuma yake giza totoro. Mtoto akikimbia uwanjani, fokasi imeshika nyasi. Kwa kila picha angalia taarifa zilizohifadhiwa ndani yake, kwani kamera huandika spidi ya shata, ukubwa wa tundu la lenzi, ISO na milimita ulizotumia. Ukikuta 1/15 ya sekunde, ujue mkono wako ulitikisika au mtu alisogea. Ukikuta ISO 6400 na tundu la f/5.6, ujue lenzi ilikosa mwanga. Na ukikuta picha karibu zote unazozipenda zimepigwa kati ya milimita 18 na 35, jiulize lenzi ya milimita 600 imeingiaje kwenye orodha yako. Kazi hii inachukua jioni moja tu na haigharimu kitu.

Kwa wengi wetu uchunguzi huo hutua mahali pamoja: mwanga hafifu wa ndani. Sherehe zetu ni za usiku, kumbi zina taa za rangi, sebule zina balbu moja. Kamera nyingi za kuanzia huuzwa na lenzi ya milimita 18 hadi 55 ambayo ukiivuta hadi mwisho, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Maana yake ni kwamba pale ulipolazimika kupandisha ISO hadi 6400 na picha ikajaa chembechembe, sasa unapiga kwa ISO 640 au 800, kwa spidi ileile. Hakuna bodi mpya itakayokupa hatua kubwa namna hiyo kwa fedha kidogo kama hizo.

Kwa hiyo lenzi ndogo isiyovutika, yenye tundu kubwa, ndiyo naiweka juu ya orodha. Mwenye Canon ana EF 50mm f/1.8 STM iliyotoka mwaka 2015, ina uzito wa gramu 160 tu na hupatikana kwa urahisi ikiwa mtumba. Mwenye Nikon yenye sensa ndogo ana AF-S DX 35mm f/1.8G ya mwaka 2009. Kuchagua kati ya milimita 35 na 50 kusikuumize kichwa. Kwenye kamera yenye sensa hiyo ndogo, iitwayo APS-C, lenzi ya 50 huona eneo jembamba, kama ambavyo lenzi ya 75 au 80 ingeona kwenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24. Inapendeza sana kwa uso wa mtu, lakini ndani ya chumba cha kawaida utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta na bado familia haitaenea. Anayepiga zaidi watoto wake nyumbani na wageni sebuleni achukue 35. Anayependa sura za watu nje achukue 50.

Kuna mtego mmoja kwa wenye Nikon ambao wauzaji wengi hawausemi. Bodi za ngazi ya chini, yaani zile za mfululizo wa D3000 na D5000, hazina mota ya fokasi ndani yake. Lenzi za zamani zilizoandikwa AF au AF-D hutegemea mota ya bodi, kwa hiyo ukizifunga kwenye D3300 au D5300 utazungusha fokasi kwa mkono daima. Lenzi za AF-S zina mota yake ndani. Mfululizo wa D7000 una mota kwenye bodi, hivyo hukubali zote. Soma maandishi yaliyozunguka lenzi kabla hujatoa fedha.

Ukiipata hiyo lenzi, usipige kila kitu kwa f/1.8. Kwa mtu mmoja, weka nukta ya fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe. Wakiwa wawili, funga hadi f/2.8. Kundi la watu lililosimama safu mbili linataka f/4 au f/5.6, la sivyo walio nyuma watatoka na ukungu na hawatakusamehe.

Baada ya lenzi, weka mwanga wenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo panapopuuzwa zaidi. Seydou Keïta wa Bamako, mmoja wa wapiga picha wakubwa waliowahi kutokea Afrika, alianza na Kodak Brownie aliyopewa na mjomba wake mwaka 1935. Alipofungua studio yake mwaka 1948, wateja wake aliwapiga zaidi kwa mwanga wa jua uani, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka lake la kitandani. Tazama picha zile uone jinsi mwanga unavyoteremka upande mmoja wa uso mweusi, ukachora shavu, kipaji na kidevu. Mara nyingi hakuna taa ya umeme inayofanya kazi hiyo pale. Kuna mtu aliyejua amweke nani wapi, na saa ngapi.

Ngozi nyeusi haihitaji mwanga mwingi kuliko ngozi nyingine; inahitaji mwanga unaotoka upande unaofaa, ulio mpana. Taa ndogo ya mbele, kama ile flashi iliyojengwa ndani ya kamera, hurusha nukta kali zinazong'aa kwenye paji na pua na kuacha sehemu nyingine zote zikiwa bapa. Mwanga mpana wa pembeni, kama wa dirisha au mlango wa baraza, hung'aa taratibu juu ya ngozi na kuonyesha umbo. Kwa hiyo msogeze mtu dirishani, mgeuze kidogo, na upande wa kivulini mshikishe mtu shuka jeupe au kipande cha stairofomu cha kufungashia televisheni. Hicho ndicho kirudisha mwanga chako cha kwanza. Cha kukunja, chenye upande mweupe na wa fedha, kinaweza kuingia kwenye orodha baadaye, na bei yake si kubwa.

Saa nazo ni vifaa. Huku kwetu karibu na ikweta, jua la saa 6 mchana liko juu ya utosi, macho yote yanaingia kivulini, na hakuna lenzi ya kurekebisha hilo. Asubuhi kabla ya saa 3 na jioni kuanzia saa 10 na nusu ndio muda wa kutoka na kamera. Mchana ukikubana, nenda chini ya mwembe au kwenye kivuli cha jengo lenye ukuta mweupe mbele yake; ukuta ule unarudisha mwanga laini usoni.

Na kabla hujailaumu kamera yako kwa rangi na mwanga, jifunze kitufe cha jumlisha na toa. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba yote yaliyo mbele yake kwa wastani ni kijivu. Mbele yako amesimama bwana harusi na kanzu nyeupe imejaa fremu: kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na kanzu inatoka kijivu huku uso umezama gizani. Ongeza hatua 1, hata 1 na nusu. Anayefuata amevaa buibui jeusi, na kamera inafanya kinyume: inaongeza mwanga, buibui linatoka limepauka na uso umeungua. Punguza hatua 1. Wakisimama pamoja, pima uso, usipime nguo. Watu wanabadilisha bodi kwa tatizo ambalo kitufe hiki kinalimaliza.

Baada ya hapo ndipo flashi ya nje inapostahili nafasi. Si lazima iwe ya kampuni iliyotengeneza kamera yako. Godox TT600, kwa mfano, huwekwa nguvu kwa mkono, hutumia betri 4 za AA, na ina redio ndani yake, hivyo baadaye ukinunua kirushio unaweza kuiwasha ikiwa mbali na kamera. Mwenye Sony ahakikishe anapata toleo la Sony, kwa sababu kiunganishi chake ni tofauti. Geuza kichwa cha flashi kiangalie dari jeupe, na chumba kizima kitakuwa taa yako. Dari likiwa la mbao au limefunikwa vitambaa vya pinki, kama kumbi nyingi zinavyopambwa, mwanga utarudi na rangi hiyo hiyo usoni. Hapo geuza kichwa kwenye ukuta mweupe wa pembeni, au tafuta mwavuli mweupe wa studio. Nunua betri za kuchaji, seti mbili. Na uwe mwangalifu na flashi za kale zinazouzwa bei ya kutupa: baadhi ya zile za miaka ya 1970 hutoa volti zaidi ya 200 kwenye kiunganishi, na zinaweza kuunguza mfumo wa kamera ya kisasa.

Sasa bodi, ambayo wengi huiweka kwanza. Kuna sababu za kweli za kubadilisha bodi. Ikiwa unapiga michezo na fokasi haimfuati mchezaji hata ukiwa na lenzi nzuri na jua kali, hiyo ni sababu. Ikiwa shata imechoka, hiyo nayo ni sababu. Lakini megapikseli si sababu. Nikon D3300 ya mwaka 2014, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza, ina megapikseli 24, na hizo zinatosha kuchapisha picha ya kutundika ukutani. Canon 5D Mark II ya mwaka 2008 ina 21, na wapiga picha wa kulipwa waliitumia miaka mingi.

Kilichobadilika katika soko ni aina ya kamera. Tangu mwaka 2018, Canon na Nikon walipotoa mifumo yao mipya ya kamera za sensa kubwa zisizo na kioo ndani, nguvu yao yote imehamia huko. Kwa mpenda picha mwenye bajeti ndogo hii ni habari njema. Wenye fedha wanahama, na kamera zao za kioo pamoja na lenzi nzuri sana zinashuka bei kwenye mitumba. Hazijaharibika, na picha zinazotoa ni zilezile za mwaka zilipokuwa mpya. Ukija kuhama na wewe siku moja, lenzi za Canon za EF na EF-S hufanya kazi vizuri kwenye bodi mpya za R kwa kutumia adapta, fokasi ikiwemo. Kwa Nikon, adapta ya FTZ hupeleka fokasi ya lenzi za AF-S, ila zile za AF-D zitabaki za mkono. Kwa hiyo fedha iwekezwe kwenye lenzi, bodi itafuata.

Ukienda kununua mtumba, iwe Kariakoo, Luthuli Avenue, au kwa mtu mtaani, usiende mikono mitupu. Beba kadi yako, betri uliyoichaji ikiwa unayo ya aina hiyo, na tochi ya simu. Toa lenzi, ielekeze kwenye mwanga, mulika upande mmoja huku ukichungulia upande wa pili. Vumbi kidogo lisikutishe. Nyuzi nyembamba zilizotambaa kama mizizi ni ukungu, na hapo iache hata ukipunguziwa nusu bei. Funga lenzi, weka tundu f/16, vuruga fokasi kwa makusudi na upige mawingu au ukuta mweupe. Kuza picha kwenye kioo cha nyuma: madoa yanayojirudia mahali palepale ni uchafu juu ya sensa, unaosafishika, mstari mrefu ulionyooka ni mkwaruzo, na huo hausafishiki. Kisha piga kwa spidi ya juu kabisa, 1/4000 au zaidi. Ukiona upande mmoja wa picha una ukanda mweusi, shata imechoka. Uliza pia idadi ya mara ambazo shata imefunguka. Bodi za bei ya chini hukadiriwa kufika takriban 100,000, za ngazi ya kati 150,000 au zaidi, na kwa Nikon namba hiyo husomeka ndani ya picha yenyewe kwa programu za bure. Bonyeza kila kitufe, chomeka kadi na uichomoe, jaribu kiunganishi cha flashi. Mwisho, andika namba ya bodi na udai risiti. Asiyetaka kukuandikia risiti, mwachie kamera yake.

Kamera za Sony zilizotoka Japani zina tatizo la peke yake: nyingi zilizotengenezwa kwa soko la huko zina menyu ya Kijapani tu, na huwezi kuibadilisha kwa njia rasmi. Muulize muuzaji akuonyeshe Kiingereza kwenye kioo kabla hujalipa. Na ukimwagiza ndugu aliyeko Dubai au Ulaya, jumlisha ushuru na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya, ndipo ulinganishe na bei ya dukani kwenu. Muulize pia kama warantii itatambulika huku. Mara nyingi tofauti inakuwa ndogo kuliko ulivyodhani.

Kuna vitu vidogo ambavyo haviandikwi kwenye orodha kwa sababu havina mvuto, na ndivyo vinavyoharibu safari. Betri ya pili, ya uhakika. Kadi mbili za GB 64 badala ya moja ya GB 256, ili moja ikifa usipoteze sherehe nzima. Kwa bodi ya megapikseli 24, kila moja inabeba takriban picha 2,000 za RAW. Kadi bandia zimejaa sokoni, zimeandikwa GB 128 na ndani zina 8. Zikijaa zinaanza kufuta picha zako kimyakimya. Ukifika nyumbani, zipime zote kwa programu ya bure ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux kabla hujazitumia. Halafu diski ya nje ya kuhifadhia, ikiwezekana mbili, na moja ikae nyumba nyingine, kwa dada au kwa rafiki. Wezi wakiingia hubeba kompyuta pamoja na diski iliyo kando yake.

Wakazi wa pwani wana kipengele chao cha ziada, na nawaomba wakipandishe karibu na juu kabisa. Tanga, Dar es Salaam, Mombasa, Lamu, Unguja na Pemba, hewa ina unyevu mwingi, na msimu wa masika kati ya Machi na Mei hali huzidi. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 70 kwa muda, ukungu huanza kuota ndani ya lenzi, kwenye giza la begi. Ukishaota hula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya vioo, na hata fundi akiusafisha, alama hubaki. Begi lililofungwa na kusukumwa uvunguni ndiyo nyumba yake, na kasha la ngozi ndilo chakula chake. Dawa ni rahisi: kontena la plastiki la kuhifadhia chakula, lenye mpira kwenye kifuniko, kipima unyevu kidogo ndani yake, na silika jeli ya kutosha. Chagua ile ya rangi ya machungwa, inayobadilika rangi ikishashiba maji. Ya buluu ina kobalti, ambayo ni sumu. Ikishashiba, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 hivi kwa saa kadhaa, kisha irudishe. Lenga asilimia 40 hadi 50. Mwenye uwezo zaidi anunue kabati kavu la umeme, na sitamwambia kwamba ni anasa, kwani linalinda kila kitu kingine alichonunua.

Chumba chenye kiyoyozi nacho kina madhara yake. Kamera iliyolala kwenye baridi ukiitoa ghafla kwenye joto la nje, mvuke huganda juu ya kioo na hata ndani. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa ipate joto polepole, ndipo uifungue. Ufukweni usibadilishe lenzi, na ukirudi ifute bodi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi ili kuondoa chumvi, kisha kikavu.

Najua wengi bado wanaisubiri lenzi ya wanyama. Ni hamu nzuri, na tunaoishi jirani na Mikumi, Tsavo au Queen Elizabeth hatuna haja ya kuionea haya. Lakini fanya hesabu ya matumizi. Lenzi za milimita 150 hadi 600 za Sigma na Tamron zina uzito wa kilo 2 hivi au zaidi, na bei ya moja hununua lenzi ndogo, flashi, diski na kabati kavu kwa pamoja. Kama unaenda mbugani mara moja kwa mwaka, kodisha au azima. Lenzi ya milimita 70 hadi 300 ya mtumba inawatosha tembo, twiga na nyati waliosogea barabarani, na kwenye sensa ya APS-C inavuta kama 450. Shata isishuke chini ya 1/500. Badala ya tripodi, ambayo haina nafasi ndani ya gari, shona mfuko wa kitambaa kigumu, ujaze maharage au mchele ukifika, uuweke juu ya kioo cha mlango kilichoteremshwa na uulalishie lenzi. Zima injini. Hakuna kifaa cha bei kubwa kinachotuliza lenzi ndani ya gari kuliko huo.

Tripodi yenyewe usiinunue ya bei ya chini kabisa. Zile za plastiki zenye miguu myembamba hutikiswa na upepo wa Coco Beach tu, na siku moja zitaangusha kamera. Subiri mpaka uweze kununua imara, au usinunue. Droni iondoe kwenye orodha mpaka uwe umeshasoma masharti: Tanzania zinasimamiwa na mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, Kenya na KCAA, vibali vinahitajika, na Kenya hata kuiingiza nchini bila kibali ni kosa. Vichujio vya rangi, lenzi za kubandika mbele ya lenzi nyingine, na mafurushi ya vitu 20 yanayouzwa pamoja na kamera, futa vyote. Kichujio kimoja ninachokitetea ni cha polaraizi, kwa wanaopiga bahari na mandhari: hupunguza mng'ao juu ya maji na kuifanya buluu ya anga iive, na kompyuta haiwezi kuiga kikamilifu kazi hiyo baada ya picha kupigwa. Programu za kuhariri pia usizilipie kwa sasa. Darktable na RawTherapee ni za bure, na zina uwezo kuliko utakaouhitaji mwaka huu.

Kimebaki kitu kimoja, na sijawahi kukiona kwenye orodha ya mtu: fedha za kuchapisha picha. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na leo tunaiona Unguja ya wakati ule, mitaa yake na sura za watu wake, kwa sababu picha zilichapishwa na kutunzwa. Zetu zimelala kwenye simu na diski ambazo siku moja hazitawaka. Tenga kiasi kidogo kila robo mwaka, chagua picha 20 tu, zichapishe kwa ukubwa wa kadi ya posta kwenye karatasi nzuri, andika nyuma jina, mahali na tarehe. Nyingine wapelekee uliowapiga. Kwa hiyo mwezi huu, kabla hujaongeza kitu chochote kwenye ile orodha ya simu, chagua hizo 20 uzipeleke kwenye maabara ya picha iliyo karibu nawe, na ya bibi yako iwe ya kwanza.